Spesa za springi za nyuma: zinarudisha kimo, hazirudishi nguvu

Simama njia panda ya Ukunda jioni uyatazame magari yanayotoka Likoni kuelekea Msambweni na Lunga Lunga. Prado, Land Cruiser, Patrol, Discovery: mengi yamechutama nyuma. Mkia uko chini, pua iko juu, na taa zinampiga usoni dereva anayekuja hata zikiwa zimeshushwa. Ndani mna abiria saba au wanane, na juu ya keria mna magunia ya mahindi kutoka Shimba Hills au masufuria ya harusi.

Wenye magari hayo ndio wanaoniuliza habari za spesa. Siku hizi zinasifiwa zile za kurekebisha, ambazo unazizungusha kwa spana zikapanda au zikashuka utakavyo. Mimi si fundi wa gereji. Nina diploma ya ufundi wa mitambo niliyosomea Mombasa Polytechnic, na gari langu ni Prado ya zamani inayolala Diani, karibu na bahari. Lakini maswali yamekuwa mengi, basi leo nieleze spesa hizi ni nini, zinafungwaje, na ni wapi zinapogeuka hatari.

Jambo lenyewe nalitanguliza, ili asiyefika mwisho wa makala asilikose. Spesa inarudisha kimo cha gari. Hairudishi nguvu ya springi, wala haikuongezei hata kilo moja ya mzigo unaoruhusiwa kubeba. Anayeifunga ili abebe zaidi anajidanganya, na katika magari mengine anazidanganya na breki.

Gari huchutama kwa nini?

Springi tunayoizungumzia hapa ni koili, ule msokoto wa chuma unaokaa baina ya ekseli na chesisi. Pickup za Land Cruiser na Hiace za matatu hutumia nyuma vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Hizo zina dawa yake nyingine. Koili za nyuma utazikuta kwenye Prado, Land Cruiser 80, Patrol Y61, Suzuki Jimny, Defender na Discovery za mwanzo. Range Rover ilitoka na koili kwa magurudumu yote manne tangu 1970, na polepole magari mengine ya porini yakaifuata njia hiyo kwa sababu koili ni laini zaidi kwenye mashimo.

Gari lenye koili huchutama kwa sababu tatu, na dawa ya kila moja ni tofauti.

Ya kwanza ni mzigo uliozidi. Springi ni nzima, lakini umeibebesha kisichokuwa chake.

Ya pili ni springi iliyochoka. Chuma kilichokandamizwa miaka kumi na tano kwenye njia za Kinango, Mwangulu na Kikoneni hupungua urefu. Hakirudi tena pale kilipokuwa, hata gari likiwa tupu. Kwetu Pwani tuna na adui wa ziada, nayo ni chumvi. Rangi ya springi ikichubuka, kutu hula vishimo vidogo vidogo, na mpasuko huanzia kwenye kishimo kama hicho.

Ya tatu ni uzito wa kudumu ulioongezwa nyuma: bampa ya chuma, tangi la pili la mafuta, au ndoano ya kuvutia trela la boti. Uzito huo haushuki garini. Springi inauchukua usiku na mchana.

Wengi hulaumu shoko. Shoko ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mruko wa springi. Ukibadilisha shoko nne ukitaraji mkia upande, utarudi nyumbani na gari lililotulia zaidi, lakini limechutama vilevile.

Liko na kundi jingine la kutazamwa. Baadhi ya Prado 120 za daraja la juu zilikuja na mifuko ya hewa nyuma badala ya koili. Mifuko ikipasuka, wenyewe wengi huona bei yake kubwa wakafunga koili. Kama gari lako lilibadilishwa hivyo, hakikisha kwanza koili iliyofungwa ni ya gari hilo. Springi fupi iliyotoka gari jingine haitibiwi kwa spesa.

Pima kabla ya kununua

Kabla ya kutoa pesa, tafuta futi ya fundi cherehani au ya seremala na mahali palipo sawa. Jaza upepo kwenye tairi zote kama inavyotakiwa. Gari liwe tupu. Pima kutoka katikati ya gurudumu, pale kwenye kifuniko cha habu, kwenda juu wima hadi ukingo wa bodi. Usipimie kutoka ardhini, maana hapo utakuwa unapima na upepo wa tairi pia. Andika kipimo cha kulia na cha kushoto.

Kisha lipakie gari mzigo wako wa kawaida, watu kwa vitu, upime tena.

Sasa una namba nne, nazo zitakwambia mengi. Kama gari tupu liko kwenye kimo chake cha asili au karibu nacho, lakini linazama likipakiwa, springi zako hazijafupika. Unachohitaji ni mzigo mdogo, au springi zenye nguvu zaidi, au mifuko ya hewa ya kusaidia. Spesa si dawa yako.

Kama gari tupu lenyewe liko chini sana, tuseme milimita 50 au zaidi, springi zimekufa. Zinunue mpya, zote mbili. Kufunga spesa juu ya springi iliyokufa ni kumvika kanzu mpya mgonjwa ukadhani amepona.

Spesa ina nafasi yake baina ya hali hizo mbili. Springi ni nzima, haina ufa wala kutu ya kula, lakini gari limeshuka milimita 20 au 30 kwa sababu ya bampa au ndoano iliyofungwa ya kudumu. Au upande mmoja uko chini kidogo kuliko mwingine, na gari linaegemea kama dau lililopakiwa vibaya. Hapo spesa ya kurekebisha ina maana, kwa sababu unaweza kuinua upande mmoja milimita chache tu mpaka gari likakaa sawa.

Spesa ziko za namna ngapi?

Mtaani nimeziona za namna nne.

Iko raba inayosukumwa katikati ya mizunguko ya springi. Wengine hutumia kipande cha tairi kuukuu. Hii kweli huifanya springi iwe ngumu, na ndiyo maana watu huipenda. Lakini inafanya hivyo kwa kuizuia sehemu moja ya msokoto isifanye kazi, na kazi yote ikahamia kwenye mizunguko iliyobaki. Springi iliyotengenezwa kugawana mateso kwa mizunguko yote sasa inateseka sehemu moja. Ikikatika, mara nyingi hukatikia jirani na raba.

Iko na kibanio cha chuma chenye bolti, kinachopachikwa baina ya mizunguko miwili na kukazwa ili kuitanua. Nacho huitwa spesa ya kurekebisha, kwa sababu bolti hukazwa na kulegezwa. Dosari yake ni ileile ya raba, na juu yake chuma kinasugua chuma na kuchubua rangi. Kwa magari yetu ya Pwani sikishauri.

Ya tatu ni pete ngumu isiyobadilika, ya plastiki nzito au aluminiamu, inayokaa juu ya springi baina yake na kiti chake kwenye chesisi. Haiugusi msokoto. Ni nzuri ikiwa unajua hasa milimita ngapi unataka.

Ya nne ndiyo inayosifiwa. Ni pete mbili zenye uzi, moja imeingia ndani ya nyingine kama kifuniko cha chupa. Moja inakaa kwenye kiti cha springi, nyingine inaibeba springi. Ukizungusha, urefu wote unaongezeka au unapungua, kisha bolti ndogo ya kufungia huizuia isijizungushe. Wamarekani wenye Jeep Wrangler wamezizoea sana. Kwa gari ambalo haziuzwi tayari, fundi wa kukereza vyuma anaweza kuzitengeneza, mradi apewe vipimo sahihi vya kiti cha springi na awe na chuma kizuri.

Ukubwa wa uzi ndio unaoamua hesabu. Uzi wa milimita 2, kila mzunguko kamili unaongeza milimita 2. Kwa ekseli nzima kama ya nyuma ya Prado au Patrol, ambapo springi imeikalia ekseli yenyewe, ukiinua pande zote mbili milimita 20, bodi itapanda karibu milimita 20. Kwa gari ambalo springi inakalia mkono unaojikunja, bodi hupanda zaidi ya unene wa spesa. Usinakili hesabu ya gari la mwenzio.

Hesabu inayowapotosha watu

Tuchukue mfano. Tuseme springi mbili za nyuma, kwa pamoja, hushuka milimita 1 kwa kila kilo 5. Umepakia kilo 300 nyuma. Gari litashuka milimita 60.

Sasa funga spesa ya milimita 30, upakie kilo zilezile 300. Gari litashuka milimita ngapi? Zilezile 60. Springi haikujua kwamba juu yake pana pete. Tofauti ni kwamba gari limeanzia juu kwa milimita 30, basi nalo limeishia juu kwa milimita 30. Kwa macho halijachutama. Kwa ekseli, beringi, tairi na rimu, mzigo ni uleule.

Huu ndio mtego. Mwenye gari huona mkia umesimama, akaongeza magunia mawili. Dalili iliyokuwa ikimwonya imefichwa, lakini uzito haukwenda popote.

Yako na mengine mawili yanayofuatana na kuinua. Gurudumu likiingia shimoni na kuning'inia, shoko sasa inafika mwisho wa urefu wake mapema. Ikiwa ni fupi, inageuka mnyororo wa kuizuia ekseli, kazi isiyokuwa yake, na haikawii kuvuja au kung'oka kwenye kishikio. Na gurudumu likisukumwa juu kwa nguvu, springi inabanwa zaidi kuliko zamani, kwa sababu spesa imekula sehemu ya nafasi yake. Ikiwa spesa ni nene, mizunguko inaweza kugusana chuma kwa chuma kabla ekseli haijafika kwenye raba yake ya kupokea kishindo. Ndiyo maana nasema milimita 20 hadi 30 zatosha. Anayetaka 50 na kuendelea anahitaji springi, shoko na raba za kishindo zinazolingana.

Namna inavyofungwa

Kazi hii ya ekseli ya nyuma si ngumu kwa fundi mwenye vifaa, lakini haifanywi juu ya mchanga wala chini ya mwembe kwa jeki moja. Pataka sakafu ngumu, jeki nzito na stendi mbili imara.

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo. Legeza nati za magurudumu ya nyuma gari likiwa bado chini. Inua, weka stendi chini ya chesisi pande zote mbili, na uache jeki ikiishikilia ekseli. Hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Uzito huo hauna huruma.

Ondoa magurudumu. Fungua bolti za chini za shoko zote mbili. Fungua na fito za kuzuia gari lisilale kwenye kona, na ikibidi, upande mmoja wa ule mkono mrefu unaoshika ekseli isiende kushoto na kulia. Kisha tazama vitu vitatu kabla ya kuishusha ekseli: paipu ya mpira ya breki, waya wa sensa ya ABS kama upo, na kifimbo cha valvu ya breki, ambacho nitakieleza mbele. Vitoe kwenye vishikio vyake ili visivutwe. Ekseli isining'inie hata kidogo kwenye paipu ya breki. Paipu inaweza kupasuka ndani na nje ukaiona nzima, na utajua siku utakapokanyaga breki.

Shusha jeki polepole. Springi italegea na kutoka kwa mkono. Isafishe, uitazame kwenye mwanga, hasa mzunguko wa mwisho chini ambako tope hujificha. Ukiona ufa au vishimo vya kutu, kazi ya spesa imeishia hapo. Nunua springi.

Ikiwa ni nzima, safisha kiti chake, uipake rangi sehemu iliyochubuka. Spesa iingie na raba ya asili ya juu ya springi irudi mahali pake. Raba hiyo ndiyo inayozuia kelele na msuguano. Ncha ya springi ikae kwenye alama yake kama ilivyokuwa. Pande zote mbili zianze na kimo sawa, kile cha chini kabisa cha spesa.

Inua ekseli, rudisha shoko, fito na vishikio. Hapa pana siri ndogo ambayo mafundi wenye haraka huiruka: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, gari likishuka bushi zinabaki zimesokotwa, na hazitadumu.

Endesha kidogo, rudi mahali palipo sawa, pima tena zile namba zako. Ukitaka kurekebisha, inua chesisi kwanza ili springi ilegee, ndipo uzungushe pete. Kuzungusha ikiwa imebeba gari ni kuula uzi. Hakikisha uzi wa kutosha umebaki umeshikana. Usipite alama ya mwisho aliyoiweka mtengenezaji. Kaza bolti ya kufungia. Baada ya wiki moja ya safari, tazama tena kila nati uliyoigusa.

Mwisho, rekebisha taa kubwa. Ukiinua mkia, mwanga hushuka mbele. Ni neema kwa wanaokuja usiku, lakini nawe unahitaji kuona njia.

Breki ndiyo habari kubwa

Magari mengi ya zamani ya aina hii, zikiwemo Land Cruiser 80 na Prado 90, yana valvu maalumu ya breki za nyuma. Iko chini ya bodi, na kifimbo chake kimeunganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka kwa uzito, kifimbo kinasukumwa, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma, kwa sababu tairi zilizobeba uzito zinashika ardhi vizuri. Bodi ikiwa juu, valvu inajua gari ni tupu, basi inapunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu yasifunge na gari likazunguka.

Sasa umefunga spesa ya milimita 30. Bodi imekaa juu. Umepakia watu wanane na magunia, lakini kifimbo kinasoma kimo, hakisomi kilo. Valvu inaamini gari ni karibu tupu. Inazipunguzia nguvu breki za nyuma wakati ambao unazihitaji zaidi. Breki za mbele zinabeba kazi yote, zinapata moto, na gari linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama.

Huwezi kuligundua hili kwenye barabara tambarare ya Diani ukiwa peke yako. Utaligundua ukishuka kutoka Kwale kwenda Kombani, mvua imenyesha, gari limejaa jamaa wanaorudi mazishini, na mbele yako bodaboda amekata njia. Au umekimbiza mgonjwa hospitali ya Msambweni usiku, na ng'ombe wamelala barabarani.

Dawa ipo, wala si kubwa. Gari likiinuliwa, kifimbo au kishikio cha valvu nacho kirekebishwe ili valvu isome kama zamani. Anayefanya kazi hiyo awe fundi wa breki anayefuata vipimo vya mtengenezaji, na bora zaidi awe na geji ya kupimia mgandamizo wa mafuta ya breki. Magari mapya zaidi, ambayo breki zake hugawanywa kwa umeme, hayana kifimbo hiki. Basi swali la kwanza kumuuliza fundi wako lisiwe bei. Muulize: "Fundi, gari hili lina valvu ya mzigo nyuma? Na ukiinua utaifanyaje?" Akikwambia haina neno, iache hivyo hivyo, mshukuru, uende kwa mwingine.

Chumvi, vumbi na pete ya uzi

Spesa ya kurekebisha ina sehemu moja dhaifu, nayo ni uzi. Chini ya gari letu huingia mchanga, vumbi jeupe la matumbawe na maji ya chumvi, hasa kwa wanaoshusha boti ufukweni. Na ikiwa pete ni ya aluminiamu na imegusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa haraka. Wavuvi wa Shimoni na Vanga wanalijua hili. Wameliona kwenye mashine za boti zao.

Baada ya mwaka, spesa ya kurekebisha isiyotunzwa inakuwa spesa isiyorekebika. Inaganda. Basi paka grisi nzito ya kuzuia kugandana kwenye uzi kabla ya kufunga. Ukitoka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kila ukibadilisha oili, ifute pete, uizungushe kidogo na kuirudisha. Anayejua hatayafanya haya, na afunge pete ngumu isiyo na uzi. Itamtumikia vizuri zaidi.

Sheria, bima na mnunuzi

Sheria ya Trafiki, Sura 403, inakataza kuendesha gari lililo katika hali mbovu na kubeba mzigo uliozidi. Uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari ulipangwa kwa kutazama ekseli, breki, chesisi na tairi, si springi peke yake. Spesa haiubadilishi uzito huo. Askari au mkaguzi wa NTSA akiuliza, mkia uliosimama si hoja.

Na kampuni yako ya bima iambie, kwa maandishi, kwamba umebadilisha kimo cha gari. Bima imejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili. Jambo dogo ulilolificha leo linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia kesho.

Kwa anayenunua gari lililotumika, chukua tochi, inama nyuma. Ukiona raba, kibanio au pete kwenye springi, usikimbie, lakini uliza. Huenda mwenyewe alikuwa na bampa nzito akaiondoa. Huenda pia springi zimekufa na mkia umeinuliwa ili gari lionekane bado kijana. Pima kimo, kalisha watu watatu nyuma, pima tena, kisha lijaribu kwenye mashimo. Ukisikia kishindo cha chuma, toa gharama ya springi mpya kwenye bei.

Mwenye kubeba ndiye mwenye dhamana

Mafundi wetu wa Ukunda, Kombani na Msambweni nawaheshimu. Wengi wao wanaujua ukweli huu kuliko mimi. Lakini mteja anapofika akasema, "Niinulie tu nyuma, bosi, nina safari kesho, na sina pesa ya springi," fundi naye ana watoto. Atainua. Lawama tunamtupia yeye, na sisi ndio tuliotaka rahisi.

Ukifikiria uzito wa kudumu wa milimita 20, springi nzima, breki zilizorekebishwa na uzi uliopakwa grisi, spesa ni kifaa kizuri. Gari litakaa sawa, halitakwaruza mkia kwenye mteremko wa feri pale Likoni maji yakiwa yamekupwa, na taa zako hazitamtia upofu mwenzio. Ukifikiria magunia mengine manne, weka hela zako mfukoni.

Wale watu wanane nyuma yako hawajui kitu kuhusu springi. Wamepanda kwa sababu wamekuamini. Tawakali ni baada ya kukaza nati, na kupunguza gunia moja ni rahisi kuliko kwenda kuwaeleza watu wa nyumbani kwao. Mwenyezi Mungu atujaalie safari za salama.